Timu ni Mali ya Nani? Utangulizi wa Somo la Umiliki wa Michezo

Mwanzoni mwa Januari 2025 klabu ya soka ya Guangzhou, kusini mwa China, ilikosa leseni ya kucheza ligi kwa sababu ya madeni, na huo ukawa mwisho wake. Klabu hiyo iliwahi kuwa bingwa wa Asia mara mbili, 2013 na 2015, na bingwa wa China mara nane. Ilifundishwa na Marcello Lippi, kocha aliyeipa Italia Kombe la Dunia la 2006. Mmiliki wake mkuu alikuwa Evergrande, kampuni ya kujenga na kuuza nyumba. Kampuni ilipozama kwenye madeni, klabu ikazama nayo.

Guangzhou iko mbali na Shighatini, kata ya milimani huku Upare Kaskazini, wilayani Mwanga, ninakoandikia utangulizi huu. Lakini kijana wa hapa anayetoka shambani jioni na kwenda kulipa kiingilio kwenye kibanda umiza ili aitazame Simba au Yanga yumo ndani ya habari hiyo hiyo. Ameipenda timu ambayo mishahara yake, usajili wake na safari zake vinategemea sana mfuko wa tajiri. Somo la umiliki wa timu linamhusu yeye kabla ya kumhusu mchumi, na kwa mlango huo nakukaribisha uingie.

Swali litakalotuongoza ni moja. Mashabiki na waandishi wa habari huuliza mwekezaji ameleta shilingi ngapi. Nakuomba uulize: akiondoka kesho, kitabaki nini?

Tuanze na Wachina, kwa kuwa mfano wao umeonyesha mwanzo na mwisho. Evergrande waliinunua klabu ya Guangzhou mwaka 2010 kwa yuan milioni 100, ikiwa imeshushwa daraja kwa kashfa ya kupanga matokeo. Mwaka 2014 kampuni ya Alibaba ikanunua nusu ya hisa kwa yuan bilioni 1.2. Klabu yenyewe ilikula fedha kuliko ilivyoingiza, na msomaji mpya atashangaa kwa nini mfanyabiashara mwenye akili zake aendelee kuilisha. Jibu liko nje ya uwanja. Mjenzi wa nyumba nchini China anahitaji ardhi, na ardhi iko mikononi mwa serikali za mitaa. Timu inayoupa mji sifa humsogeza mmiliki wake karibu na wakubwa wa mji huo. Tena nyumba nyingi huko huuzwa kabla hazijajengwa: mnunuzi hulipia kitu asichokiona, kwa hiyo jina analoliamini lina thamani kubwa. Klabu ilikuwa inalijenga jina hilo kila wiki, mbele ya mamilioni ya watazamaji.

Serikali nayo ilisukuma. Mwaka 2014 ilitangaza kwamba biashara ya michezo ifike yuan trilioni 5 ifikapo 2025, na matajiri wa nyumba wakaitikia. Wanda ya Wang Jianlin ilinunua asilimia 20 ya Atlético Madrid mwaka 2015 kwa euro milioni 45, na mwaka huo huo ikanunua kampuni inayoendesha mashindano ya Ironman kwa dola milioni 650. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2017 serikali ilibana ununuzi wa klabu za nje, na mwaka 2020 ikawabana wajenzi wa nyumba wenye madeni makubwa. Wanda waliuza hisa za Atlético mwaka 2018 na Ironman mwaka 2020. Evergrande, iliyokuwa na deni linalozidi dola bilioni 300, ilishindwa kulipa mwaka 2021. Uwanja wake mpya wenye umbo la ua la yungiyungi, ulioanza kujengwa Guangzhou mwaka 2020 kwa makadirio ya yuan bilioni 12, haukukamilishwa chini ya mikono yake.

Mikono hiyo hiyo ilishika pia timu za gemu. Wang Sicong, mtoto wa Wang Jianlin, alianzisha Invictus Gaming mwaka 2011, na mwaka 2018 timu hiyo ikawa bingwa wa dunia wa League of Legends. Suning, kampuni ya maduka iliyomiliki Inter Milan, ilikuwa na timu ya gemu iliyofika fainali ya dunia mwaka 2020. Vijana wa Afrika Mashariki wamo pia kwenye uwanja huo: Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya nje kucheza Tekken. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Yeyote mwenye uwazi wa ardhi na kitu cha kupiga anaweza kuucheza. League of Legends ina mwenyewe, Riot Games, na Riot ni mali ya Tencent ya China. Mwenye timu ya gemu hamiliki hata sheria za mchezo anaoucheza, na mwenye gemu anaweza kuzibadilisha atakavyo. Kwa hiyo kwenye gemu swali letu huulizwa mara mbili: akiondoka mwenye timu, na akiondoka mwenye mchezo.

Sasa turudi nyumbani, ambako ndiko sehemu kubwa ya somo letu iliko.

Si kweli kwamba Tanzania ilianza kuona fedha za kampuni kwenye timu pale mabilionea walipotokea. Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Sigara, Bandari, na huku kwetu Kilimanjaro timu ya Ushirika ya Moshi, zote ziliishi kwa fedha za mashirika na vyama. Mchezaji alikuwa na ajira, si mkataba wa msimu tu. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990 yalipoyayumbisha mashirika hayo, timu nyingi za aina hiyo zilinyauka. Hata hivyo Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, iliweza kutwaa ubingwa wa bara mwaka 1999 na 2000. Pamba ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa Pamba Jiji, chini ya halmashauri ya jiji la Mwanza. Ukiwa Moshi bado utaukuta uwanja wa Ushirika. Naona hilo ni funzo kubwa kuliko makombe yote ya enzi ile: mfadhili alipodhoofika, kilichodumu ni ardhi.

Azam FC ni aina nyingine kabisa. Ilianza mwaka 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2008, ikawa bingwa msimu wa 2013/14. Ina uwanja wake Chamazi. Haina wanachama wa kumwondoa mwenyekiti, na haijawahi kudai kuwa nao. Kuna wanaoibeza kwa hilo. Mimi naiheshimu kwa uwazi wake, ingawa ina jambo linalohitaji macho ya mtafiti: Azam Media, ya kundi hilo hilo la kibiashara, ndiyo iliyonunua haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka kumi kuanzia 2021 kwa shilingi bilioni 225.6. Mwenye timu moja ndiye anayezilipa timu zote.

Simba na Yanga ni ngumu zaidi, kwa sababu zilizaliwa na wanachama: Yanga mwaka 1935, Simba mwaka 1936. Yusuf Manji, aliyeiongoza Yanga kuanzia 2012, aliomba mwaka 2016 akodishiwe klabu kwa miaka kumi. Wanachama wengi mkutanoni walikubali, lakini mamlaka za michezo zilikuwa na pingamizi na mpango haukusimama. Mwaka 2017 Manji alijiuzulu, na Yanga ikaingia kipindi cha kuchangisha mashabiki ili timu isafiri. Mwaka huo huo Simba ilimpitisha Mohammed Dewji kuwa mwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Serikali ikaweka mpaka: klabu ya wanachama ikibadilika kuwa kampuni, wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49.

Mpaka huo ndio moyo wa somo letu hapa Tanzania. Kwenye karatasi mwanachama ndiye mkubwa. Lakini fikiria chumba chenye pande mbili, upande mmoja una asilimia 51 na hauna fedha, upande wa pili una asilimia 49 na ndio unaolipa mishahara ya mwezi huu. Nani ataamua kocha afukuzwe au abaki? Hukumu yangu ni kwamba asilimia 51 haina nguvu yoyote bila wanachama wanaolipa ada, wanaohudhuria mkutano mkuu na wanaodai hesabu. Nasema hivi bila kuwabeza wawekezaji. Matokeo yapo: Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2017/18 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025. Yanga, ikiwa na nguvu ya mfadhili wake, kampuni ya GSM, ilicheza fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2023 na kuikosa kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Hersi Said, aliyetoka GSM, alichaguliwa na wanachama kuwa rais wa Yanga mwaka 2022. Wakati GSM ilipoingia kuidhamini ligi nzima mwishoni mwa 2021, Simba ilikataa kuvaa nembo yake, na mapema 2022 mdhamini akajitoa. Mfadhili wa mmoja anapotaka kuwa mfadhili wa wote, wapinzani huona hatari ambayo mkataba haukuitaja.

Na kuna timu zisizo na wanachama wala kelele za Simba na Yanga. Ihefu ilikuwa timu ya Ubaruku, Mbarali, mkoani Mbeya. Ilihamishiwa Singida na sasa inaitwa Singida Black Stars. Wakulima wa mpunga waliolijaza jukwaa hawakupiga kura yoyote.

Huku Upare tuna kipimo chetu cha mambo haya. Ndiva, lile bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji, huchimbwa na kusafishwa kwa msaragambo; anayefika na jembe ana zamu ya maji, asiyefika huulizwa, hata kama ana shamba kubwa. Klabu ya wanachama ilijengwa kwa kanuni ya aina hiyo, na tajiri akija na pampu, kijiji chenye busara hukubali pampu huku kikishikilia zamu.

Usisahau mmiliki wa tatu, asiyetajwa sana: serikali. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, uliojengwa na kampuni ya Kichina na kufunguliwa 2007, ni wa serikali. Simba na Yanga huutumia kama wageni. Wawekezaji wakiondoka wote, uwanja utabaki, na hiyo ni kinga ambayo watu wa Guangzhou hawakuwa nayo kwa ule wa yungiyungi.

Sura zinazofuata zitakufundisha kusoma katiba ya klabu, hesabu za mwaka, mkataba wa udhamini na hati ya ardhi. Lakini usianzie Dar es Salaam. Nenda kwanza kwenye timu ya kata yako. Uliza kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, jezi zilitolewa na nani na mwaka gani, nani hulipa nauli ya mechi za ugenini, na kama kuna karatasi yoyote inayosema viongozi wanachaguliwaje. Yaandike majibu kwenye daftari, tarehe na yote, kisha fungua sura ya kwanza ukiwa nalo mkononi.