Kikapu cha Mdomoni kwa Mbuzi
Mbuzi wa Bukoba na Muleba, wapelekwapo malishoni kwenye nyika za rweya, huweza kupita kando ya vibanja vya migomba na maharage. Kuwafunga midomo kwa kamba huokoa mazao, lakini huwahatarisha wanyama. Mbuzi hucheua: hurudisha majani mdomoni, huyatafuna upya na kuyachanganya na mate, ambayo hupunguza ukali wa asidi tumboni. Kamba huzuia kazi hiyo, pamoja na kunywa maji. Ikiteleza, huziba pua. Kikapu chepesi chenye matundu ni salama zaidi, mradi taya zicheze na pua zibaki wazi. Kwa farasi, avalishwaye kikapu ili asile majani kupita kiasi, sharti hilo ni kubwa zaidi, kwani hawezi kupumua kwa mdomo. Mbuzi afikapo malishoni, avuliwe kikapu mara moja.