Kutoka Santuri hadi Memori Kadi: Nani Anayetunza Sauti za Afrika Mashariki?

Kwa karne nyingi wimbo wa Waswahili ulikuwa na hifadhi moja kubwa, nayo ni kumbukumbu ya watu: ulipoimbwa ulisikika, na ulipokwisha haukubaki isipokuwa vichwani mwa waliouhifadhi kwa moyo au katika karatasi za waliojua kuandika mashairi yake. Mashine aliyoivumbua Thomas Edison mwaka 1877, iliyochora mitetemo ya sauti juu ya bati jembamba kisha ikairejesha, ndiyo iliyoifanya sauti yenyewe kuwa kitu kinachoweza kununuliwa, kuazimwa, kurithiwa na kupotezwa. Tangu wakati huo vyombo vimefuatana kimoja baada ya kingine, na historia yao katika Afrika Mashariki ina funzo linalomhusu kila mwenye kaseti za wazazi wake kabatini: hakuna chombo kinachotunza muziki peke yake, bali muziki hutunzwa na watu wanaouhamisha kutoka chombo kinachochakaa hadi kingine kilicho hai, na wanaoandika majina kabla hayajasahaulika.

Santuri na dakika zake tatu

Chombo cha kwanza kuenea kilikuwa santuri, yaani sahani yenye mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, ambamo sindano ya gramafoni hupita ikitetemeka kwa kufuata maumbo ya kuta za mfereji huo. Santuri za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa miti ya Asia, na kwa sababu hiyo zilikuwa ngumu lakini zikianguka huvunjika. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba kisiwani Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Uingereza yenye nembo ya His Master's Voice, naye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa kibiashara.

Upande mmoja wa santuri ya kawaida ya wakati huo ulibeba takriban dakika tatu, ilhali wimbo wa taarabu huweza kuendelea ubeti baada ya ubeti kwa muda mrefu zaidi, hivyo wimbo ulilazimika kufupishwa au kukatwa vipande viwili ili kila kipande kikae upande wake. Msikilizaji wa leo anayezipata rekodi hizo hana budi kuelewa kwamba anachokisikia ni sehemu iliyoweza kuenea ndani ya chombo, wala si taarabu nzima kama ilivyoimbwa mbele ya hadhira. Aidha, sindano ya chuma iliukwangua mfereji kidogo kila santuri ilipochezwa, kwa hiyo wimbo uliopendwa zaidi ndio uliochakaa upesi zaidi. Kilichoziokoa sauti za Siti ni wingi wa nakala zilizouzwa na kutawanyika mikononi mwa watu wengi, pamoja na maandishi, kwa kuwa Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na bila ya kitabu hicho sahani hizo zingesema machache sana juu ya aliyeziimba.

Utepe wa sumaku na maktaba ya redio

Katika miaka ya 1930 wahandisi wa Ujerumani waliendeleza utepe wa sumaku, ambao ni ukanda wa plastiki uliopakwa unga wa madini ya chuma, na sauti huandikwa juu yake kwa kubadilisha mpangilio wa usumaku wa chembe za unga huo. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba uliweza kurekodi kwa muda mrefu, kufutwa na kutumiwa tena, jambo lililozifaa sana stesheni za redio. Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza kutangaza mwaka 1951 na ambayo urithi wake ulichukuliwa na Radio Tanzania mwaka 1965, ilikuja kuwa mahali ambapo bendi za dansi, vikundi vya taarabu, kwaya na ngoma za mikoani zilirekodiwa kwenye mikanda mikubwa ya duara. Kwa kuwa Tanzania ilikaa muda mrefu bila kiwanda chake cha kufyatulia santuri, na muziki wake ulipochapishwa ulifyatuliwa zaidi Nairobi, nyimbo nyingi za bendi kama NUTA Jazz na Cuban Marimba ya Morogoro zilijulikana na umma kwa njia ya redio, na kuna nyimbo ambazo nakala yake bora ilikuwa ile iliyokaa katika maktaba ya redio peke yake.

Hali hiyo ina neema na hatari kwa pamoja. Ni neema kwa sababu taasisi ya umma iliona kwamba muziki wa wananchi unastahili kurekodiwa hata pale ambapo hapakuwa na faida ya kibiashara. Ni hatari kwa sababu kitu chenye nakala moja hupotea kwa ajali moja. Utepe hudhurika kwa joto, unyevu, vumbi na ukungu, mambo ambayo mji wa pwani unayo kwa wingi, na gundi inayoshikilia unga wa sumaku huweza kulainika baada ya miaka mingi hata utepe ukanata kwenye mashine na kuacha unga wake hapo. Zaidi ya hayo, uwezo uleule wa kufutwa ulikuwa mtego, kwani mashirika mengi ya utangazaji duniani, BBC ikiwamo, yalifuta vipindi vya zamani ili kuokoa gharama za mikanda mipya.

Kaseti: kila nyumba maktaba

Kampuni ya Philips ilipoitoa kaseti mwaka 1963, utepe wa sumaku uliingia katika kijaluba kidogo cha plastiki ambacho mtu yeyote angeweza kukitumia bila ujuzi. Redio kaseti ilileta mageuzi ambayo santuri haikuyaleta, kwa maana ilimpa msikilizaji uwezo wa kurekodi mwenyewe: kipindi cha salamu, mawaidha ya sheikh, mahubiri, harusi ya dada, au barua ya sauti kwa ndugu aliyehamia Maskati. Katika mji wa Mombasa maduka kama Mbwana Radio Service yalirekodi na kuuza kaseti za taarabu za waimbaji kama Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma, na kwa kuwa utepe wa dakika 60 au 90 haukumbana mwimbaji kama ilivyombana santuri, taarabu iliweza kusikika kwa urefu wake wa asili.

Kaseti ilikuwa na udhaifu wake, kwani redio ilikula kanda, utepe ukarudishwa kwa kuzungusha kalamu ya biki, na kila nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine ilizidi kuwa na mvumo na kupungua uwazi. Pia nakala zisizo halali ziliwanyima wasanii haki yao, na dhuluma hiyo haifai kupuuzwa. Hata hivyo, wanunuzi waliozipanga kanda zao rafuni na kuandika kwa mkono jina la mwimbaji, wimbo na mwaka walifanya kazi ya nyaraka bila kuajiriwa na mtu, na makasha yao ni hazina ambayo taasisi zinapaswa kuitafuta kwa adabu kabla warithi hawajaitupa.

Video ilifuata njia hiyohiyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo kwa familia nyingi za Bara deki ya kanda za VHS iliingia sebuleni kabla ya matangazo yoyote. Wasiokuwa na deki walikwenda kwenye mabanda ya video, yale yanayoitwa vibanda umiza, ambako filamu za kigeni zilitazamwa kwa pamoja na baadaye zikapata watafsiri waliozisimulia kwa Kiswahili, sanaa ya mdomo ambayo nayo ilihifadhiwa kwenye kanda na diski za mitaani.

Sauti inapokuwa namba

Diski ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, iliacha kuchora umbo la sauti na badala yake ikaandika namba: sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huhifadhiwa kama tarakimu, hivyo nakala ya namba hizo huweza kulingana kabisa na asili yake. Dakika moja ya muziki wa CD huchukua takriban megabaiti 10. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani walikuwa miongoni mwa waliobuni MP3, mfumo unaopunguza namba hizo kwa kuondoa sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu huzitambua kwa shida, na kwa kiwango cha kawaida cha ubora dakika moja hushuka hadi karibu megabaiti moja. Matokeo yake ni kwamba memori kadi ya gigabaiti 8, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hubeba zaidi ya saa 130 za muziki, sawa na kaseti 130 za dakika 60.

Hapo ndipo ilipozuka biashara ya vibanda vya kuwekea nyimbo, ambako mteja hukabidhi simu au flashi yake na kujaziwa mamia ya nyimbo kwa malipo madogo. Kilichopotea katika wingi huo ni maelezo, kwa sababu faili yenye jina la namba tupu haimtaji mwimbaji, mtunzi wala mpiga gitaa, na wimbo usio na jina ni mgumu kutafutwa na mgumu zaidi kulipiwa. Kadi nazo hufa ghafla, hasa zile za bandia, bila ya dalili inayotangulia kama mvumo wa kaseti.

Usikilizaji wa mtandaoni umeongeza sura nyingine, kwani anayenunua bando na kusikiliza wimbo kwenye YouTube au Boomplay hamiliki chochote: wimbo hukaa katika kompyuta za kampuni, na kampuni ikiuondoa huondoka kwa wote. Mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kupoteza muziki uliopakiwa na watumiaji wake kwa takriban miaka 12, na wasanii wasiokuwa na nakala nyumbani hawakuwa na pa kudai.

Wajibu wa walio hai

Mwaka huohuo wa 2019 UNESCO, kwa kushirikiana na chama cha kimataifa cha watunza nyaraka za sauti na picha, ilitoa tahadhari kwamba mashine za kusomea mikanda ya sumaku na vipuri vyake zinatoweka, kiasi kwamba mikanda isiyohamishwa mapema huenda ikabaki bila ya mashine ya kuisoma hata kama yenyewe bado ni nzima. Tahadhari hiyo inahusu maktaba za redio na makabati ya nyumbani vilevile, na kazi inayotakiwa inaeleweka.

Kanda isichezwe kwenye redio mbovu, bali ipelekwe kwa fundi mwenye mashine iliyosafishwa hedi yake. Sauti ihamishwe kwanza katika mfumo usiopunguza kitu, kama WAV au FLAC, na MP3 itolewe baadaye kwa ajili ya kusikilizia. Nakala ziwe zaidi ya mbili, na mojawapo ikae nyumba nyingine au mji mwingine. Na kanda ya asili isitupwe baada ya kunakiliwa. Juu ya yote, yaandikwe majina ya waliomo, mahali, mwaka na tukio, kwa kuwauliza wazee waliokuwapo, kwa sababu mashine inaweza kutengenezwa upya, lakini jina la mpiga ganuni ambalo hakuna aliyeliandika halirudishwi na fundi yeyote. Taasisi za umma zina deni la kuzifungulia jamii maktaba zao kwa utaratibu unaolinda haki za wasanii, na wenye makasha ya kaseti wana deni la kuanza na kanda iliyo mbele yao, maana kila chombo kilichotajwa hapa kilidhaniwa kuwa cha kudumu na watu wa wakati wake.