Kujibu Maswali ya Usaili Kuhusu Kusomesha na Kulea

Mwanachuo amalizapo mafunzo na kuomba kazi ya ualimu, yampasa ajiandae kwa usaili. Tanzania Bara, Sekretarieti ya Ajira ilianza kuwasaili walimu mwaka 2025. Katika mazoezi ya usaili tuyafanyayo chuoni hapa Pemba, maswali mawili huwashinda wengi: "Una uzoefu gani wa kusomesha?" na "Umewahi kumlea mwenzako katika kazi?"

Baadhi hujibu, "Sina uzoefu, ndiyo kwanza natoka chuoni." Wengine husema, "Nawapenda watoto, nina bidii." Jibu la kwanza ni unyenyekevu uliopita kiasi, la pili halithibitishi kitu. Msaili hatafuti sifa. Ataka kujua mtoto atakayekaa mbele yako atapata nini. Basi mweleze mambo manne kwa mpangilio: hali uliyoikuta, ulilotenda, sababu ya kulitenda, na matokeo yake.

Tuchukue mfano. Mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha awakuta watoto wanaoandika 43 − 17 = 34, kwa kuwa hutoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Awapa chelewa zilizofungwa kumi kumi. Nao wafungua fungu moja ndipo wapate kutoa 7. Akisha kukagua madaftari, awakusanya kesho yake wale ambao hawajaelewa. Akilieleza hilo kwa dakika mbili, ameonyesha kuwa alitambua kosa, chanzo chake na dawa yake.

Ulezi nao si kazi ya walimu wakuu peke yao. Wengi wetu tumepitia vyuo vya Kurani, ambako aliyetangulia humsomesha anayeanza. Aliyemsahihisha mdogo wake pasi na kumvunja moyo, amelea. Vivyo hivyo aliyelitazama somo la mwenzake, kisha akazungumza naye faraghani. Eleza uliona nini, mliafikiana nini, na mwenzako alibadili nini. Jina lake lisitiri.

Ukiulizwa juu ya somo lililokushinda, litaje na useme ulilirekebishaje. Usibuni kisa, kwani swali litakalofuata litakufichua.

Zoezi: Kila mwanachuo aandike visa viwili vya kweli, kimoja cha kusomesha na kimoja cha kulea. Kisha wakae wawili wawili, mmoja aeleze, na mwenziwe amuulize "kwa nini?" mara tatu.