Fahamu: Vinyungu ni nini, na kwa nini vinazua mjadala?

Vinyungu ni bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Wabena wa Njombe na Wahehe wa Iringa hupanda humo mahindi, maharage na mboga.

Vina kazi gani?

Njombe na Makambako hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Kinyungu huleta mahindi mabichi kabla ya mavuno makuu.

Mgogoro uko wapi?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji, na kinyungu hulimwa hapohapo. Baadhi ya mito ya milima ya Kipengere humwagika katika Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 hukauka kiangazi katika baadhi ya sehemu. Mbele yake kuna mabwawa ya umeme, Mtera na Kidatu. Lakini mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu hunywa maji mengi zaidi kuliko vinyungu.