Bijombo: dola 80 za shimoni na karti ya ordinateri

Wachezaji wa kwanza wanakaa kwenye banki saa nane za mchana, jua likiwa limeshajaza batri. Ni chumba cha ukuta wa udongo na bati juu, kule Bijombo, kwenye milima mirefu inayoangalia Uvira na Ziwa Tanganyika. Mchezo ni mpira, PES. Mechi moja ni 500 franka, na anayefungwa ndiye analipa. Lakini tangu vijana walete toleo la 2021 ugomvi umekuwa mwingi. Mpira ukifika mbele ya goli picha inakwama, miguu ya wachezaji inaruka, na ikirudi kuwa sawa goli limeshaingia. "Hii haiko goli, ni masini njo imefunga," anasema aliyefungwa, na kulipa hataki.

Mwenye masini ni mama wa watoto watano. Bwana wake anachimba dhahabu Misisi, upande wa Fizi, na akipata anatuma makuta kwa simu. Ordinateri yenyewe ilinunuliwa ya okazyo Bujumbura: Dell OptiPlex 7010, ile ya sanduku refu, ya mwaka 2012, na ndani yake karti grafiki ndogo, GeForce GT 610, ya umri uleule. Karti grafiki, kwa wale ambao hawajaiona, ndiyo kipande kinachochora picha zote unazoziona kwenye ekra. Baba alituma dola 80 na ujumbe mfupi: "Mutengeneze ile masini, lakini hakuna ingine." Maana yake hakuna dola zingine. Shimo lao lilikuwa limeingia maji, na pompi ilikuwa ya kukodi.

Sisi tulikuwa tumepanda Bijombo kwa habari nyingine, ya mifugo. Tulikuta mjadala umeshafika mwisho. Kijana wa kwanza wa nyumba alikuwa ameshachagua: mtu mmoja wa Uvira alikuwa anauza Radeon RX 580 kwa dola 80 kamili. Karti kubwa, feni mbili, taa nyekundu. Kijana alikuwa na picha yake kwenye simu na alituonyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mchumba. Tuliomba jambo moja tu: kabla ya dola kutoka, tufungue masini.

Turnevisi haikuhitajika, OptiPlex inafunguka kwa mkono. Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda viazi. Tulilipuliza nje, kisha tukasoma karatasi iliyobandikwa kwenye alimantasyo, lile sanduku la chuma linalopokea umeme na kuugawa: 275 W. Hiyo ndiyo nguvu yote iliyopo. RX 580 peke yake AMD wenyewe wanaiandikia 185 W, na inataka waya wa umeme wa pini 8 unaotoka moja kwa moja kwenye alimantasyo. Tulitafuta waya huo katikati ya nyaya zote. Haukuwepo. Wapo mafundi wanaounga kwa kuvuta umeme wa diski, na ndivyo tulivyowahi kuona plastiki ikiyeyuka. Mchimbaji hahitaji maelezo marefu hapa: pompi kubwa haiendeshwi na jenereta ndogo ya taa.

Kijana alinyamaza. Mama aliuliza, "Kwa hiyo tunakosa?"

Hapana. Ile fasi ndefu ambamo karti inachomekwa, kwenye karti mama, inaweza kutoa yenyewe mpaka 75 W bila waya wowote wa nyongeza. Kwa masini za ofisi za zamani, zile Dell na HP zilizojaa kwa mafundi wetu, hapo ndipo pa kutafutia. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 inakula 60 W. GTX 1050 Ti ya 2016 inakula 75 W na ina gigabaiti 4 za memori yake. GTX 1650 ya 2019 nayo ni 75 W, ina nguvu zaidi na bei zaidi. GT 1030 ya 2017 inakula 30 W tu, lakini iko na mtego: zipo mbili kwa jina moja, na ile yenye memori ya DDR4 ni dhaifu sana kuliko yenye GDDR5. Muuzaji hawezi kukuambia hilo, labda hata hajui. Tena, baadhi ya 1050 Ti na 1650 zimetengenezwa na mdomo wa waya wa pini 6 pembeni. Hizo ziache. Na kama ordinateri yako ni ya sanduku fupi, lile la kulala, karti lazima iwe ile nyembamba ya nusu urefu, la sivyo mfuniko haufungi.

Kijana hakukubali haraka. Alisema kubwa ni kubwa tu. Basi tulitumia mfano wa Misisi. Ndani ya ordinateri, prosesa ndiye anayetoa mawe shimoni, na karti grafiki ndiyo inayotwanga. Ukiwa na watu wawili wanaopandisha viloba polepole, hata ukileta konkaseri mpya itakuwa inasimama kungoja mawe. Prosesa ya masini hii, Core i5 ya 2012, inaweza kuilisha 1050 Ti vizuri. Kuilisha karti kubwa zaidi, inachoka. Na ekra yao ni ya zamani, inchi 17, nukta 1280 kwa 1024. Hiyo ni kama nukta milioni 1.3 za kuchora, wakati ekra pana za leo ziko na zaidi ya milioni 2. Kazi yenyewe ni ndogo, kwa nini kulipia nguvu ambayo haina fasi ya kwenda?

Lakini kilichomgeuza hakikuwa mfano wetu. Ilikuwa hesabu ya batri, na aliyeifanya ni mama.

Bijombo hakuna waya wa SNEL. Nyumba hii ina pano za jua na batri moja ya 12 V, 100 Ah. Kwa karatasi hiyo ni 1200 Wh. Batri ya asidi ukiimaliza kila siku inakufa mapema, kwa hiyo mama anatumia nusu, 600, na konvertiseri nayo inakula sehemu yake. Zinabaki kama 500. Masini na GT 610 na ekra, wakati wa mchezo, tulikisia 100 W: masaa 5. Na 1050 Ti itakuwa kama 150 W: masaa 3 na dakika. Na ile RX 580, kama ingewaka, karibu 280 W: hayafiki masaa 2. Mama alihesabu mechi kwa vidole, dakika kumi kila moja. "Mechi kumi," alisema. "Elfu tano. Kwa ile taa nyekundu?"

Tulishuka Uvira pamoja na kijana. Vitu vya okazyo vinaingia hapa kwa mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura, na vingine kwa boti mpaka bandari ya Kalundu. Muuzaji wa kwanza alikuwa na 1050 Ti kwa dola 40, inang'aa, ndani ya boksi. Kijana alishaingiza mkono mfukoni. Sisi tuliangalia nyuma ya karti, pale nyaya za ekra zinapoingia, na tukaona mdomo wa bluu wenye matundu 15: VGA.

Hapo tukaiweka chini. Familia hii ya karti, za 10, haikupewa VGA kabisa. 1050 Ti ya kweli ina HDMI, DisplayPort na DVI. Yenye VGA mara nyingi ni karti ya 2010 au 2011, GTS 450 au GTX 550 Ti, ambayo mtu ameandika upya jina lake ndani ya kumbukumbu yake. Windows inasoma jina la uongo na inaamini. Kazi ikianza inakwama au inazima. Ipo programu ya bure, GPU-Z, ambayo tangu 2018 inatambua karti za aina hii na kuandika wazi kwamba ni bandia. Iweke kwenye USB kabla ya kwenda dukani, na muuzaji akikataa uijaribu, hiyo nayo ni jibu. Kwa mtu wa Uvira kosa linaweza kurudishwa kesho. Kwa mtu wa milimani, njia ikifungwa kwa ajili ya vita, muuzaji hutamuona tena mpaka miezi ipite.

Muuzaji wa pili alikuwa na moja ya dola 60, bila boksi, yenye vumbi la kweli. Alituapia kwamba "haikutumika na wachimbaji." Kijana akacheka, kwa sababu makuta ya kuinunua yalitoka kwa mchimbaji. Muuzaji alimaanisha wale wa sarafu za kwenye intaneti. Kwa miaka mingi watu walipanga karti grafiki kwa mamia, zinafanya hesabu usiku na mchana kutafuta sarafu ya Ethereum. Tarehe 15 mwezi wa 9, 2022, Ethereum ilibadilisha mfumo, kazi hiyo ikaisha kwa siku moja, na karti nyingi sana zikaingia sokoni. Hazikuwa zote mbaya. Feni ndizo huchoka. Tuliizungusha kwa kidole, ikazunguka laini bila kukwaruza. Tukaichomeka kwenye masini ya duka, GPU-Z ikaonyesha prosesa ndogo 768 kama inavyotakiwa, tukaacha mchezo ukiendelea dakika ishirini. Haikuzima.

Wakati tunangoja, kijana aliigeuza karti mkononi. Meno ya manjano chini yake ni dhahabu iliyopakwa, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, kwa hiyo asikudanganye mtu kuikwangua. Risasi iliyoshika vipande vyote ni bati, yaani kasiterite iliyoyeyushwa, kama ile ya Nyabibwe au Nzibira. Ndani ya vyombo vingi vya namna hii mna kondensateri za tantali, ambayo ni koltan. Wazee wa karyeri wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltan ilivyopanda kama moshi, na 2001 ilivyoanguka. Kijana alisema tu, "Ilitoka kwetu kilo, inarudi gramu."

Hesabu ilikwenda hivi: karti dola 60. Kipande cha memori cha gigabaiti 4, DDR3, dola 8, kwa sababu PES 2021 inaomba 8 na masini ilikuwa na 4. Hicho tungekinunua hata kama karti ingekosekana. Dola 2 za ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na feni yake, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama udongo. Programu ya kuendesha karti, ambayo ina zaidi ya megabaiti 500, tuliipakua mjini na kuiweka kwenye USB. Zilibaki dola 10. Karti ikafungwa ndani ya kitenge na plastiki mbili, kwa sababu ya mvua ya juu, na ikapanda mgongoni fasi moto haiwezi.

Usiku uleule masini ilifungwa, feni zikazunguka, na ekra ikabaki nyeusi. Kijana aliangalia nyuma ya ekra. Waya wake ulikuwa na mdomo wa bluu, pini 15. Ekra ya VGA.

Tunakiri. Tulikataa karti moja kwa sababu ilikuwa na VGA, tukasifiwa dukani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ekra yenyewe haina mdomo mwingine. Jirani alileta kadapta ka DVI, lakini pini nne za pembeni zilikataa kuingia. Akasema tuzikate. Tulimnyang'anya koleo: hata zingekatwa, kwenye tundu la karti hii hakuna ishara ya VGA ya kupokea. Dawa yake ni adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chip ndani. GT 610 ikarudishwa, na kijana akashuka tena Uvira. Alirudi siku ya tatu. Adapta ilikuwa dola 7, na hiyo tulilipa sisi.

Ikawaka. Picha haikukwama tena mbele ya goli. Kijana aliweka kikomo cha picha 60 kwa sekunde, kwa sababu ekra haiwezi kuonyesha zaidi na kila picha ya ziada inakula batri bure. Bado masaa ni 3 na kidogo, karibu mechi ishirini, wakati zamani zilikuwa thelathini. Mama akapandisha mechi kuwa 700 franka. Wachezaji walipiga kelele jioni nzima, wakalipa. Ishirini kwa 700 ni 14 000, na thelathini kwa 500 ilikuwa 15 000, lakini katika zile thelathini, alisema, nyingi ziliisha kwa ugomvi bila franka.

Baba alipiga simu Jumapili, kutoka Misisi, sauti ikikatika.

"Inakwama bado?"

"Hapana, papa. Sasa ni batri."

Kimya kikawa kirefu mpaka tukadhani mtandao umeondoka.