Picha ya Mteja Ikigeuzwa Tangazo

Jioni moja, baada ya Swala ya Alasiri, kamati yetu ya msikiti hapa Ulemo ilipelekewa shauri ambalo wazee wetu hawakupata kulisikia. Binti mmoja wa mtaani petu, auzaye mafuta ya alizeti kwa madumu ya lita 5, alikuwa akiwaomba wateja wamtumie picha na maneno ya kuyasifu mafuta yake, kisha huvipandisha katika stetasi yake ya WhatsApp. Biashara ilishamiri. Mteja mmoja, mke wa mtu, alimtumia video fupi akiwa jikoni kwake akikaanga maandazi, kichwa wazi, mwanawe pembeni. Aliituma kwa shoga yake; hakuituma kwa kijiji. Mumewe aliiona mnadani, katika simu ya mtu asiyemjua.

Hatukukaa ili tumtweze binti yule. Nia yake ilikuwa riziki ya halali, na njia yake ndiyo wanayoifuata hata wafanyabiashara wakubwa: kumwacha mteja awe mpiga debe. Sifa itokayo kwa mnunuzi huaminika kuliko ya muuzaji, tena haina gharama. Lakini kilichopatikana bure ni nadra mtu kuuliza kama mwenyewe ameridhia.

Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuionja gharama yake. Mwezi Septemba mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya nchi hiyo iliutoza ukumbi wa starehe wa Casa Vera, jijini Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. (Alikwenda kufanya nini huko, hilo si la makala hii, haki yake ni haki yake.) Wakati huo huo shule ya Roma ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wenzetu wa madrasa wanaotangaza nafasi za masomo kwa sura za watoto wetu wausome uamuzi ule wa Kenya mara mbili.

Lipo la pili, ambalo nusura litupite. Tulipoyapitia matangazo yale, binti na mama yake wakiwapo, tulikuta mzee mmoja wa Shelui ameandika kuwa tangu aanze kuyatumia mafuta hayo, presha imemwacha.

"Mimi sikusema, ustadhi," binti alijitetea. "Amesema yeye."

Ni kweli, maneno ni ya mzee. Ila aliyeyachagua miongoni mwa mengi na kuyaweka mbele ya wanunuzi ni muuzaji. Je, mgonjwa akiviacha vidonge vya zahanati kwa kuyategemea? Tulipouliza zaidi, alikiri kuwa wateja wawili walilalamikia harufu ya mafuta, naye akayafuta maneno yao. Tulimkumbusha kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka alisema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione. Binti aliinamisha kichwa. Mama yake ndiye aliyesema kuwa pipa lile la mafuta halikuwa limeoshwa vizuri.

Video ilifutwa, radhi ikaombwa, na mume akaridhika. Sasa kila picha huombewa ruhusa kwanza, kwa maandishi, na nyingi ni za dumu tu juu ya meza. Hata hivyo, Ijumaa iliyopita video ile ililetwa tena katika kundi la jamaa zetu wa Kiomboi. Jina la binti limeondolewa, na chini yake imewekwa namba ya mtu auzaye mafuta tusiyoyajua.