Mkufunzi wa maabara anavyoweza kumjenga au kumvunja mwanao chuoni

Mtoto anapotoka Mpwapwa kwenda kusoma sayansi chuo kikuu, iwe Dodoma mjini au Dar es Salaam, wazazi huulizia ada, mkopo na hosteli. Ni wachache wanaouliza nani atamsimamia akiwa maabara. Kumbe huko ndiko kijana anaweza kuipenda sayansi au kuikimbia.

Miaka ya 2014 na 2015 wazazi wengi walichangia ujenzi wa maabara za shule za kata. Lakini jengo peke yake halifundishi. Kijana anaweza kufika chuoni akiwa ameshika bureti mara chache tu, na jaribio lake la kwanza likagoma. Msimamizi mmoja atamwambia, "Umekosea, chukua majibu ya wenzako." Mwingine atamwambia, "Nieleze ulichofanya hatua kwa hatua, kisha turudie." Hao wawili wanatoa wanafunzi tofauti kabisa.

Funzo la Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, na nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombea. Mpemba akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa.

Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaufanya utani.

Siku moja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alitembelea shule hiyo. Mpemba akauliza swali lake, wenzake wakacheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea, ila hakumvunja moyo. Alirudi chuoni akamwomba fundi wa maabara alijaribu. Fundi akaja na taarifa kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kuwa ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Waliporudia, matokeo yakawa yaleyale.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na jambo hilo likajulikana duniani kwa jina la Mpemba. Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya na hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Hilo halipunguzi thamani ya alichofanya Osborne: swali la mwanafunzi alilipeleka mezani likapimwa.

Dalili za mkufunzi mzuri

Anaeleza usalama kabla ya kemikali kufunguliwa. Anazunguka mezani badala ya kukaa kwenye simu. Hamruhusu mmoja afanye kila kitu huku wengine wakinakili. Jibu likiwa tofauti na la kitabuni, anatafuta sababu pamoja na wanafunzi, na hawafundishi kupika takwimu. Ripoti anairudisha ikiwa na maelezo, si alama tu.

Mpwapwa tunalielewa hili. Hapa kuna kituo cha utafiti wa mifugo kilichotoa ng'ombe aina ya Mpwapwa, kwa kuchanganya wa kienyeji na wa nje. Kazi ya namna hiyo ni ya miaka mingi ya kupima na kuandika. Kama takwimu zingepikwa, mfugaji ndiye angeumia.

Mzazi ufanye nini?

Ukimpigia simu, usiishie kwenye "Umepata ngapi?" Muulize, "Wiki hii maabara mmeona nini ambacho hamkutarajia?" Akikosa la kusema wiki baada ya wiki, au akisema wananakili tu, sikiliza kwa makini.

Usikimbilie kumpigia mhadhiri wewe. Mwanao ni mtu mzima. Mshauri aanze na mkufunzi mwenyewe, kisha kiongozi wa darasa, kisha mkuu wa idara. Vyuo vingi hutoa fomu ya kutathmini walimu mwisho wa muhula. Mwambie aijaze kwa ukweli.

Na akitaka kubadili kozi, kabla ya kukubali au kugomba, muulize kama amechoshwa na somo au amevunjwa moyo na anayelifundisha. Mpemba angeweza kunyamaza baada ya kuchekwa mara ya pili.